Kucha Kumi za Rangi ya Maziwa

3 Februari 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia, tuokoe mstari mmoja. Sisi tu wazima. Paa limezibwa, ila fundi aliziba tundu moja akafungua mawili, na sasa ananikwepa njiani kama mwanafunzi mtoro. Jirani yetu mshonaji kajifungua mapacha; anashona huku mmoja yuko mgongoni na mwingine kalala kwenye kapu la vitambaa. Mimi bado ni mwalimu mkuu msaidizi, na mwalimu mkuu bado ananiogopa, jambo lenye manufaa kwa shule.

Binti yako hajambo. Anakula, anafua nguo zake, anaosha vyombo bila kusukumwa. Lile jina la Chiriku, alilopewa na marehemu mama yake kwa sababu ya domo, limebaki jina tu; siku hizi unaweza kukaa naye jioni nzima usisikie neno. Nikasema moyoni, kheri, anakua.

Kumbe alikuwa anatunga hoja. Jumamosi kaniambia, "Shangazi, naomba ruhusa nibandike kucha."

"Kucha zipi?"

"Za bandia. Wenzangu wanabandika Ijumaa, wanazitoa Jumapili."

"Na za kwako zimekwenda wapi?"

Akavuta mikono chini ya meza. Mtu akikosa hoja huficha mikono.

Sasa nisikilize. Mtoto huyu hajatimiza hata miaka kumi na mitatu. Kucha ndefu ni tangazo la mtu anayefuliwa na kupikiwa na wengine. Leo tangazo hilo linauzwa sokoni, kwenye vijisanduku, kwa watoto wanaofua wenyewe na ambao mama zao wanafagia barabara. Akibandika kucha leo, kesho atataka kope, keshokutwa ataniuliza kama uso nao una wa kubandika. Somo la kwanza ambalo dunia humpa msichana ni kwamba alivyoumbwa hatoshi. Lazima atalisikia, masikio anayo, lakini halitatoka kinywani mwangu.

Ndiyo maana leo nimemjibu hadharani. Unazijua Jumatatu zangu: wanafunzi mia nne wamenyoosha mikono, viganja chini, nami napita na rula. Sheria hiyo niliiandika mwenyewe miaka kumi na minane iliyopita. Nilipomfikia Chiriku niliunyanyua mkono wake juu, shule nzima iuone. Nikasema, "Tazameni. Hizi ndizo kucha za mwanafunzi. Hapa hata njiti ya kiberiti haipenyi." Wakapiga makofi.

Wewe ndiye baba. Mwandikie umkanye. Na uniambie unakuja Juni kama ulivyoahidi.

Dada yako


26 Februari

Dada yangu,

Shikamoo, hata kama umeshaitikia. Siwezi kuanza barua kwako bila kuinama.

Huku ni kazi tu. Nimehamishiwa chumba cha juu ya ghala, kwa hiyo sasa naishi na panya wa daraja la juu. Karakana imejaa, wiki hii nimemaliza seti tatu za meno, na Mzee wa karakana kanisifu kwa kukohoa mara moja badala ya mbili. Vidole vinawasha kidogo. Ni vumbi la plasta.

Nimesoma hoja zako mara mbili. Ni nzuri, na uzuri wake ndio unaonitia hofu. Dada, mkate wangu ni vitu vya bandia. Mwaka wa saba huu natengeneza meno, na sijaona hata mtu mmoja aliyeingia hapa akitafuta urembo. Mwezi uliopita alikuja karani wa posta ambaye kwa miaka alikuwa akicheka ameziba mdomo kwa bahasha. Nilipomvika meno, mkono wake ulishuka polepole, akawa hajui auweke wapi. Bandia si uongo kila mara. Mara nyingine ni bandeji.

Nina swali. Kucha ambazo hata njiti ya kiberiti haipenyi, Chiriku anazikata kwa kifaa gani? Mama yake alipolazwa, alianza kuzitafuna. Alikuwa akimaliza mkono wa kushoto anahamia wa kulia, mpaka kwenye nyama. Nilidhani aliacha baada ya mazishi. Mtazame akiwa anasoma, wakati amesahau kwamba upo. Isije ikawa ulichokinyanyua mbele ya watoto mia nne ni kidonda.

Mwambie aweke mikono yake yote miwili kwenye karatasi, aizungushie kalamu taratibu, vidole vyote, na ndani yake achore kila ukucha ulipoanzia na ulipoishia. Mwambie baba anataka kuona amekua kiasi gani.

Ya Juni tutazungumza.

Mdogo wako


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mapacha wanakua, paa linavuja.

Nimemtazama. Ni kweli, anatafuna. Usishangilie. Jambo hilo halibadilishi hoja yangu hata nukta. Mtu mwenye kidonda hatibiwi kwa kufunikwa kidonda. Nimempaka shubiri vidoleni asubuhi na jioni, kama anavyofanyiwa mtoto anayeachishwa ziwa. Siku ya kwanza aliilamba yote akinitazama, wala hakukunja uso. Nikapaka tena. Akalamba tena. Ana kichwa kigumu, na sijui amekitoa wapi.

Ile habari ya karani wa posta ni tamu, lakini karani ni mtu mzima aliyepoteza meno. Huyu ana kucha, anazila. Ukinitetea bandia, nitetee kwa mfano unaolingana.

Mikono aliyochora ni hii hapa. Hakuuliza sababu. Alichora kwa makini mno, ulimi nje, na alipofika kwenye kucha akaniomba nigeuke.

Umeandika, "Ya Juni tutazungumza." Mimi na nani? Kuja ni jambo la ndiyo au hapana.

Dada yako


19 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Pole na paa.

Leo nimeposti kifurushi kidogo kilichosajiliwa, kwa jina lako. Ndani mna kasha la bati, na ndani ya kasha mna kucha kumi. Kabla hujakasirika, soma mpaka mwisho.

Nimezitengeneza mimi, kwa vipimo vya michoro yake, kwa plastiki ile ile ya meno, rangi ya maziwa. Zimeiva vizuri kwenye maji ya moto, kwa hiyo hazina madhara. Ile plastiki huuma ikiwa mbichi tu. Ni fupi. Hazivuki ncha ya kidole. Nimezisugua mpaka zinafanana na kucha za mtoto yeyote anayekata zake kila Jumamosi. Rula yako isingezigundua. Hazishikwi na gundi. Kuna utepe mwembamba wa kubandika, na jioni zinatoka kwa maji ya uvuguvugu. Kazi yake ni moja: ziwe katikati ya meno yake na nyama yake, mpaka kucha zenyewe zipate nafasi ya kuota.

Usimwambie kitu. Mpe tarehe ishirini Mei, atimize miaka kumi na mitatu akiwa na mikono anayoweza kuiweka mezani.

Sijawahi kukuomba jambo, dada. Hili naomba.

Mdogo wako


24 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Siku ya kuzaliwa imepita salama. Nilimnunulia viatu vya shule, maana vya zamani vilikuwa vimeanza kumkunja vidole. Amerefuka. Mshonaji kamshonea sketi na kuacha upindo wa kutosha, halafu akasema upindo huo hautafika Desemba. Tulikula, tukaimba kidogo, jirani akaleta mapacha wakalia kwa zamu.

Aliuliza kama kuna barua kutoka kwako. Nikamwambia posta ni posta.

Shuleni tumeanza mitihani. Mwalimu wa hesabu kajiuzulu tena, ni mara ya tatu, na Jumatatu atarudi. Kwenye kikao nimesoma waraka wangu kuhusu mapambo ya wanafunzi, kurasa nne. Mwalimu mkuu kasema utatundikwa ofisini. Nimeuandika kwa ukali unaostahili.

Nasubiri tarehe ya safari yako.

Dada yako


16 Juni

Dada,

Shikamoo. Utaona mwandiko si wangu. Anayeandika ni mwenzangu wa chumba, mimi nasema naye anaandika. Nilibanwa vidole na mlango. Si jambo kubwa.

Juni haitawezekana. Kazi ni nyingi. Labda mwisho wa mwaka.

Kifurushi kilifika? Hukutaja. Kama kilichelewa, si neno, mpe kitakapofika. Niambie tu alisema nini.

Mwenzangu anakusalimu. Anasema barua zako angependa kuzisoma hata kama hazimhusu.

Mdogo wako


14 Julai

Mdogo wangu,

Mlango gani huo unaobana vidole vya mikono yote miwili hata mtu ashindwe kushika kalamu? Sihitaji jibu la kutunga. Nahitaji jibu.

Huku kumetokea jambo. Jumatatu iliyopita, kwenye ukaguzi, Chiriku alikuja na kucha za bandia. Nyekundu, ndefu, za kisanduku cha sokoni. Hakuwa amezibandika kwa utepe wala kwa kitu chochote cha akili. Alitumia supagluu, ile ya kushonea viatu bila uzi, moja kwa moja juu ya nyama aliyoitafuna. Alinyoosha mikono mbele ya shule nzima, kwenye mstari wa mbele, akinitazama.

Nikamwuliza, "Nini hii?"

Akasema, "Kucha, shangazi."

Shuleni mimi si shangazi yake, nimemwambia tangu siku ya kwanza. Watoto wakacheka. Sijui walikuwa wanamcheka yeye au mimi.

Zilitoka. Kidole gumba cha kushoto kikavimba, tukaenda zahanati, wakamsafisha na kumfunga. Anameza dawa. Nimemwambia nesi ni matokeo ya gundi, naye kaafiki kwamba watoto wa siku hizi hawasikii. Hoja zangu zote tangu Februari zimethibitika. Ningependa kusema kwamba nafurahi.

Dada yako


5 Agosti

Dada,

Shikamoo. Mwenzangu ameandika kwa siku mbili kwa sababu kila mara namwambia afute.

Umeandika neno moja: zilitoka. Mimi ni fundi wa kubandika na kubandua. Supagluu haitoki yenyewe. Inalowekwa kwa asetoni, ile ya kufutia rangi ya kucha, saa nzima, kidole kwa kidole, na mtu mwenye subira. Zilitokaje? Na zilitolewa wapi, zahanati au palepale mstarini?

Na swali langu la zamani: kifurushi kiko wapi? Ofisi ya posta ya huku wanasema kilipokelewa tarehe tisa Mei. Wamenionyesha hati ya kupokelea iliyorudishwa kutoka huko. Saini ni yako, naijua. Ina mkia mrefu kama wa taarifa ya kufukuza mtu shule.

Nijibu kabla sijaanza kujijibu mwenyewe.

Mdogo wako


9 Septemba

Mdogo wangu,

Ningeweza kuanza na salamu, na mapacha, na paa. Acha leo zipite.

Kifurushi kilifika tarehe tisa Mei. Nilikifungua palepale posta, nikazitazama kucha zako, nikaona kwamba ni kazi nzuri. Nikarudi nazo ofisini, nikazitia kwenye droo ya vitu nilivyowanyang'anya wanafunzi. Zililala humo pamoja na hereni na vijichupa vya rangi. Nilijiambia kwamba nikiwapokonya watoto wa watu na kumpa wa kwetu, sheria itakuwa imekufa. Nilijiambia pia kwamba ukija Juni utampa mwenyewe. Hukuja. Tarehe ishirini Mei aliponiuliza kama kuna barua, droo ilikuwa mita nane kutoka aliposimama, kwa sababu aliniuliza shuleni, asubuhi, kabla ya kengele.

Sasa lile la kucha nyekundu. Sikuziloweka. Nilizivuta. Palepale, mstarini, moja baada ya nyingine, nikihesabu kwa sauti ili wanafunzi wajifunze. Hakulia. Nilipofika ya sita, ambayo ni gumba la kushoto, ilikuja na ukucha wake wenyewe, kutoka kwenye mzizi. Nikasema, "Sita." Halafu nikaona nilichoshika. Zile nne zilizobaki zililowekwa zahanati na nesi, kwa saa mbili. Daktari amesema gumba halitaota ukucha tena. Mwezi mzima nilificha habari hiyo, nikitumaini kwamba daktari ni mjinga.

Jumapili nilimpa kasha lako. Nilimwambia kila kitu, kuanzia posta. Alisikiliza. Akafungua, akazipanga mezani, akajaribu kuvaa ya kwanza. Ilikuwa ndogo. Akajaribu ya pili. Mtoto amekua, mdogo wangu; sketi ile upindo wake umekwisha, viatu vya Mei vinambana. Ni ya kidole cha mwisho tu iliyokaribia kumwenea. Ya gumba la kushoto hakuigusa.

Akaniuliza, "Shangazi, hizi ni za nani?"

Nikasema, "Zako. Baba kakutengenezea."

Akazirudisha kwenye kasha moja moja, akafunga kifuniko. "Huyo aliyetengenezewa," akasema, "mpelekee."

Sina hoja. Njoo.

Dada yako


10 Oktoba

Dada,

Shikamoo.

Barua yako tumeisoma mimi na mwenzangu, na yeye ametoka nje kabla ya mwisho. Amerudi sasa, anaandika.

Sitakutukana. Nilikuwa na maneno, lakini nikakumbuka kwamba mimi nami nina droo yangu.

Hakukuwa na mlango. Ile plastiki ikiwa mbichi ni maji yanayonuka, na yale maji hupenya glavu. Miaka saba yamekuwa yakiingia mikononi mwangu. Vidole vimepasuka vyote, ncha hazisikii moto wala baridi, na nikishika kisu cha kuchongea nta ya meno sijui kama nimekishika mpaka nikitazame. Mwanzoni mwa Aprili, daktari alinikataza kuigusa tena maisha yangu yote. Mchoro wa Chiriku ulifika wiki ileile. Seti moja ya meno ni kazi ya siku mbili. Zile kucha kumi zilinichukua siku kumi na moja, kwa siri, wenzangu wakiwa kwenye chakula. Ndizo kazi yangu ya mwisho. Laiti zingekuwa na upindo.

Sasa nalinda lango la karakana ileile. Nawafungulia wateja. Wengine wananitambua, wananionyesha meno.

Umesema nije. Nilimwacha Chiriku akijua baba yake ni fundi, kwamba hakuna kitu kilichovunjika asichoweza kukitengeneza. Nirudi nikamwonyeshe hii mikono? Juni nilikuwa nimeshakunja nguo. Nilishindwa kufunga zipu ya begi, nikakaa kitandani, treni ikaondoka. Mwaka huu sitakuja. Wa kesho pia siahidi, nimechoka kuahidi.

Naomba jambo moja la mwisho. Mwambie achore tena mikono yake. Siwezi kumtengenezea chochote. Nataka tu kuiona ilivyo sasa.

Mdogo wako


12 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Mapacha wametambaa. Paa nimeacha livuje, nimeweka ndoo.

Kwenye kikao cha walimu nilipendekeza ukaguzi wa kucha ufutwe. Nilizungumza dakika ishirini, na unanijua, nikisimama huwa sishindwi. Nilipomaliza, mwalimu mkuu alinyanyuka, akashusha ule waraka wangu ukutani, akausoma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kurasa zote nne. Kuhusu wasichana na bandia, kuhusu nidhamu inayoanzia vidoleni. Hakuna mstari nilioweza kuupinga. Mwalimu wa hesabu akasema, "Huyo aliyeandika hivyo ana akili sana." Kura ilikuwa kumi na nne kwa moja. Ukaguzi unaendelea, ila sasa anafanya mwingine, kwa kuwa mimi nimeonekana nimechoka.

Kila Jumatatu Chiriku hunyoosha mkono mmoja tu, wa kulia. Wa kushoto anauweka mfukoni na hautoi hata aambiwe nini. Kwa hiyo kila Jumatatu anasimamishwa kando, chini ya mlingoti, mpaka kipindi cha pili, kwa kuvunja sheria namba saba, ya mwandiko wangu. Namwona dirishani. Nimewaambia wamwache. Wameniuliza kama ningewaacha wa kwao.

Nyumbani tunaelewana. Ananiamkia, anaosha vyombo. Hanichukii, na nimefika mahali ningeshukuru kama angenichukia. Kuhusu mikono yako nilimwambia. Nilifikiri atalia, au atauliza utakuja lini. Aliuliza tu kama vinauma. Nikasema ncha zimekufa ganzi. Akasema, "Afadhali yake."

Kasha la bati nimelirudisha kwenye droo. Sikujua pengine pa kuliweka.

Jana nilimpa karatasi na kalamu, nikamweleza ombi lako. Kisha akaweka mkono wa kushoto juu ya karatasi, ule wa gumba, akaukunja ngumi, akauzungushia kalamu taratibu, kwa makini yale yale ya Machi.

Nikamwambia, "Baba anataka kuona vidole."

Akasema, "Viko humo, shangazi."

Wa kulia hakuchora. Nimekuambatishia huu mmoja. Usiutafutie vipimo.

Dada yako